Jinsi Tulivyoifuta Sura ya Tisa

Siku mliponiaga ofisini, mmoja wenu aliniuliza, tena kwa adabu zote, "Ma Koku, ni kweli miaka yote hii ulikuwa unalipwa kwa kufuta?" Wenzake wakamkanyaga mguu chini ya meza. Msimkanyage. Aliuliza vizuri, na jibu ni ndiyo. Nimeandika kurasa nyingi katika maisha yangu, lakini mkate wangu niliupata zaidi kwa kuondoa kurasa ambazo wakati wake ulikuwa umepita, na ninyi mnaoshika kazi hiyo sasa nataka mjue ni kazi ya namna gani. Kuandika mtafundishwa na wengi, kwa sababu kila mtu anapenda kuandika. Anayependa kufuta ni nadra, na anayejua kufuta ni nadra zaidi.

Nitawaeleza kwanza tulichokuwa tunakitunza, kwa ajili ya wageni kati yenu. Sajili ni programu huria ya kuandikisha wagonjwa. Zahanati yoyote inaichukua bure, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuirekebisha. Waandishi wake wametawanyika duniani, wengi hatujawahi kuonana nao. Sisi wa Bukoba, katika vyumba vyetu viwili vya Miembeni, tulikabidhiwa maelekezo ya Kiswahili: kitabu kizima kinachomwonyesha mtu jinsi ya kuitumia programu, na jinsi ya kutuma marekebisho yake akiona kosa.

Hapo kwenye kutuma marekebisho ndipo penye kisa changu. Watu wengi wakiandika kitu kimoja, lazima pawe na chombo kinachokumbuka nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Nilipoanza, chombo hicho kilikuwa CVS. Ikaja Subversion, tukahama. Ikaja Git, tukahama tena, na huko ndiko ninyi mlikozaliwa. Nawasikia mkizicheka zile za zamani. Chekeni, lakini kidogo. CVS ilitutunzia kazi yetu kwenye kompyuta ambayo leo usingeweza kuifungulia hata picha ya harusi, na Subversion haikuwahi kunipotezea mstari mmoja. Naziheshimu kama ninavyomheshimu mkunga aliyenizalisha, ingawa siku hizi hospitali ni bora.

Kuhama chombo ni rahisi. Kazi ngumu ni kuhamisha maelekezo. Mtu akileta chombo kipya anaandika sura mpya, anapongezwa, anakwenda zake, na sura ya zamani inabaki pale pale. Msomaji hajui ipi ni hai. Atafuata ile aliyoikuta kwanza.

Mara yangu ya kwanza kuondoa chombo kilichopitwa nilifanya kazi ya dakika tano na kuitolea jasho mwezi mzima. Tulikuwa tunaiaga CVS. Nikaiambia kompyuta, kila palipoandikwa CVS, kwa herufi kubwa au ndogo, weka Subversion. Nikanywa chai. Nilikuwa nimesahau kwamba kitabu kina ukurasa wa historia, ambao sasa ulidai kwamba tulianza na Subversion, tukaiona haifai, tukahamia Subversion. Tena kulikuwa na ukurasa wa Kiingereza wa kuomba kazi, uliomtaka mwombaji atume CVs. Nao ukaanza kumtaka atume Subversion. Mwombaji mmoja, Mungu ambariki, aliandika kuuliza kama nakala ya cheti cha kuzaliwa ingetosha badala yake.

Mkuu wangu siku hizo alikuwa Ta Kaiza, yaani Mzee Kaiza kwa Kihaya, mtu wa Izimbya. Ujanani alipanga herufi za risasi katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya kanisa, moja moja, kichwa chini, na macho yake yalikuwa yanaona kosa kabla hujaigeuza karatasi. Hakunigombeza. Aliniketisha akaniambia, "Koku, wewe nyumbani kwenu omuramura unang'olewa na mtu mmoja?"

Omuramura, kwa mliokulia mjini, ni ule mti mwembamba tunaoupanda mipakani mwa vibanja, mashamba yetu ya migomba. Hata mpaka ukisha kuhamishwa kwa haki, huendi asubuhi peke yako na panga ukaung'oa ule wa zamani. Unaita majirani wa pande zote wanaoutumia, wanasimama, wanaangalia, ndipo unang'oa. Nikamjibu kwa heshima ya Kihaya, "Hapana waitu, wanaitwa watu." Akasema, "Basi na ukurasa ni hivyo. Kuna mtu anauangalia ili ajue alipo. Mtafute kwanza."

Akanipa daftari lenye jalada gumu, ambalo sisi tuliliita daftari la marehemu. Kila ukurasa tuliouondoa uliandikwa humo kwa mkono. Ukurasa gani. Msomaji aelekezwe wapi badala yake. Na mwisho, nani aliufuata mara ya mwisho, lini. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa sheria ya Ta Kaiza: huondoi maelekezo kabla hujayafuata wewe mwenyewe, kwa mikono yako, hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba ndiyo unaanza kazi leo. Ukikwama katikati, vizuri, umejua kwamba yamekufa kweli. Usipokwama, jiulize kwa nini. Halafu unatia saini.

Mambo mengine niliyojifunza kwake nayasema haraka, mtayaelewa mkiwa kazini. Msiwaambie wasomaji kwamba chombo chao ni cha kizamani. Semeni tulikuwa tunatumia hiki, sasa tunatumia hiki, njia ni hii. Ukurasa ukiondoka, pale ulipokuwa acheni maneno mawili ya kumwonyesha mtu ulikokwenda, asikute ukuta. Angalieni picha, kwa sababu maneno hubadilishwa na picha za vioo vya kompyuta vya zamani husahaulika, na msomaji huamini picha kuliko maneno. Na ukurasa wa historia uachwe useme ukweli wake.

Sasa nije kwenye sura ya tisa, na hapa siwezi kujisifu.

Sura ya tisa ilifundisha kutuma marekebisho kwa Subversion. Niliiandika mimi. Nilijivunia sura hiyo kiasi kwamba katika semina moja pale Muleba mjini, tulipowaita wahudumu wa zahanati za wilaya na visiwa vyake, niliwachapia kila mmoja nakala na kuwaambia, "Fuateni karatasi hizi, msimsikilize mtu." Nyuma aliketi mzee mmoja mwenye mvi nyingi kuliko za ofisi yetu nzima. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Na mambo yakibadilika, mama, tutajuaje?"

"Tutawaambia," nikasema.

Baadaye tukahamia Git. Nikaandika sura ya kumi, nikapongezwa. Sura ya tisa ikabaki pale pale. Na kazi ya kuifunga hifadhi ya zamani, yaani ile mashine ya Subversion iliyotunza mabadiliko yetu, ili isomeke tu na isipokee kitu tena, ilikuwa yangu vilevile. Niliiandika kwenye kikaratasi cha njano nikakibandika pembeni ya kompyuta. Kikaratasi kilidondoka, nami nikakisahau kabisa.

Ikapita miaka minne. Ta Kaiza alikuwa amekwisha kustaafu, nimekalia kiti chake. Kompyuta ya hifadhi ya zamani ilikuwa bado inanguruma chini ya meza ya mwisho, na tukaambiwa chumba kile kinarudishwa kwa mwenye nyumba. Wenzetu wa mbali wakaandika kwamba ni wakati wa kuondoa kila kilichotaja Subversion katika maelekezo na kuizima mashine. Wote wakakubali. Mimi nikasema Ijumaa itakuwa imekwisha. Nikaifuta sura ya tisa nikiwa nimekaa, bila kuifuata, kwa sababu niliijua kwa moyo. Nani angenifundisha sura niliyoiandika mwenyewe?

Nikafungua daftari la marehemu nitie saini. Nani aliufuata mara ya mwisho, lini. Kalamu ikasimama. Mimi ni Mlutheri wa Kibeta, nimelelewa na mama mzee wa kanisa, na kusaini uongo kunanipa kiungulia. Nikairudisha sura mahali pake, nikavuta kiti, nikaanza hatua ya kwanza nikinung'unika.

Nilitegemea kukwama. Sikukwama. Mashine ilinipokea, ikanipa kitabu cha zamani, ikanitajia namba ya badiliko la mwisho. Subversion huhesabu: kila badiliko likipokelewa, linapewa namba yake. Namba ya mwisho nilikuwa naikumbuka, kwa maana badiliko lile nililituma mimi siku tunahama. Namba iliyokuja ilizidi hiyo kwa mia moja themanini na tatu.

Nikaifungua orodha. Mabadiliko yote hayo yalitoka kwa mtumiaji mmoja aliyeitwa "zahanati". Kila badiliko huambatana na maneno machache ya kueleza kilichofanyika. Sisi huandika kwa mkato, maneno manne au matano. Haya yalikuwa barua.

"Shikamoo wakubwa. Leo tumeanza orodha ya maneno ambayo wagonjwa wa hapa kisiwani wanatumia, ili mhudumu mgeni asipotee. Tutashukuru mkitujulisha kama imefika."

"Shikamoo wakubwa. Mgonjwa akisema chembe cha moyo, mhudumu asiandike ugonjwa wa moyo. Amuulize alikula nini. Nimeliongeza hilo."

"Shikamoo. Mvua imenyesha siku tatu, jua la kuchaji hakuna, tutachelewa kidogo. Msifikiri tumeacha."

Nilikaa pale nikilia, sioni aibu kuwaambia. Hakuna aliyekuwa amesoma hata moja. Na ile orodha, jamani. Kwa miaka mingi tulikuwa tumeomba mtu atuandikie kitu cha namna hiyo. Visiwani Muleba wavuvi ni Wahaya, Wakerewe, Wajita, Wasukuma, kila mmoja ana namna yake ya kusema panapomuuma, na mganga aliyetoka chuoni hajui hata nusu yake. Mtu alikuwa ameyakusanya yote, lugha kwa lugha, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona katika kazi ya watu wanaolipwa. Badiliko la mwisho lilikuwa la Jumanne ya wiki ile ile. Ijumaa ningeizima mashine.

Jambo la kwanza, vijana, nakilini. Nilinakili hifadhi nzima sehemu mbili kabla sijapangusa machozi. Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Mwenzetu mmoja wa mbali, mtu mwema, alishauri tuichukue ile orodha ilivyo sasa, tuibandike kwenye Git, basi. Orodha ingepona. Lakini barua zote zingekufa, na katika historia ya kitabu ingeonekana kwamba kazi ya miaka minne imefanywa na mimi, siku moja, asubuhi. Nikakataa. Ipo njia ya kuhamisha kutoka Subversion kwenda Git huku kila badiliko likibaki na tarehe yake, maneno yake na mtu wake. Ila Git inataka jina kamili la mtu, na Subversion ilikuwa na neno moja tu, zahanati. Wenzangu wakanipa hadi mwisho wa mwezi nilitafute jina hilo. Nikapiga simu zote za kwenye orodha ya semina, hakuna iliyoita. Lakini barua mojawapo ilikuwa imekitaja kisiwa chao, nikaenda.

Basi hadi Muleba, pikipiki hadi mwaloni kando ya ziwa, mtumbwi wa injini hadi kisiwani, magunia ya unga chini yangu na mfanyabiashara wa dagaa akinieleza bei za soko ambazo sikumuuliza. Zahanati ina vyumba vitatu na benchi nje. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, Mjita wa upande wa Musoma, anaitwa Nyangeta. Nilipojitambulisha akauliza:

"Wewe ndiye wa maelekezo?"

"Ndiyo mimi."

"Ulitusemesha pale semina Muleba."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Kwamba tulihama. Kwamba nilisahau kuwaambia. Kwamba mashine ilikuwa inapokea, na kwetu hakuna aliyekuwa anaangalia.

"Kwa hiyo hamkusoma hata moja?"

"Hatukusoma."

Aliingia ndani, kulikuwa na mtoto wa kuchomwa sindano, akamchoma, akambembeleza, akamwandika kwenye Sajili. Nami nikabaki benchini na wavuvi wanne, nikitamani mtumbwi ule urudi unichukue. Alipotoka alikuwa na zile karatasi zangu za semina, zimebandikwa nailoni ukurasa kwa ukurasa zisilowe.

"Mama, nikuulize. Karatasi yako inasema, mashine ikikurudishia namba, kazi imefika. Ni kweli imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa hivyo."

"Kila tulipotuma, tulirudishiwa namba. Mtandao uko kule juu kanisani tu, tunapanda na kompyuta kwenye ndoo yenye mfuniko. Tukipata namba tunashuka tumefurahi. Tulijua mnasoma, ila mna kazi nyingi, hampati nafasi ya kujibu."

Hapo ndipo niliposhindwa kumtazama usoni. Watu hawa hawakukosea hatua hata moja. Katika maisha yangu yote ya kazi sijaona mtu aliyefuata maelekezo yangu kwa uaminifu kama wao, na ndiyo maana yaliwapoteza.

Nikamwomba msamaha. Akaupokea kwa kichwa tu. Nikamwambia kilichonileta: nataka jina lake kamili, ili mabadiliko yote mia moja themanini na matatu yahame yakiwa na jina lake, mahali ambapo dunia nzima italiona.

"Si yangu yote," akasema. "Mengi ya mwanzo ni ya Ta Kashaga. Alikuwa mhudumu hapa kabla sijaja, mimi nimemkuta. Hata ile semina alikuja yeye na mimi. Yeye ndiye aliyekuuliza lile swali la mambo yakibadilika."

"Yuko wapi sasa?"

"Tumemzika kwao, Muleba. Mwaka wa pili huu."

Mvuvi mmoja akasema, "Ta Kashaga alikuwa mtu," na wenzake wakaitika.

Niliwaza haraka, nanyi mngewaza hivyo hivyo. Neno ni moja, zahanati. Jina moja lingetosha, na kompyuta ingelibandika kote kwa mpigo mmoja. Kuyatenganisha ni kwa mkono, badiliko kwa badiliko. Nikamwambia Nyangeta, "Itachukua muda, na sijui lipi ni la nani."

"Mimi najua," akasema. "Si hamkusoma? Basi soma sasa, kwa sauti. Nitakwambia pa kukata."

Nikafungua kompyuta yangu juu ya benchi nikasoma. Alikuwa akiingia na kutoka, wagonjwa hawakungoja. Nilisoma shikamoo moja baada ya nyingine za mzee aliyekuwa mkubwa kuliko sisi sote, akituamkia sisi. Nilisoma alivyobishana na nafsi yake juu ya neno moja la Kikerewe kwa siku tatu, na mvuvi mmoja pale benchini akasema hata sasa amelikosea, tukalirekebisha hapo hapo. Nilisoma alivyoomba radhi kwa kukosea nukta. Wavuvi wakacheka, wakasahau mgonjwa alikuwa nani kati yao. Nyangeta hakuwa amesema kata hata mara moja, na nusu ya orodha ilikuwa imepita.

Nikafika hapa: "Shikamoo wakubwa. Leo nimefika katikati ya maneno ya Wasukuma. Mgongo unasumbua kidogo, kwa hiyo yaliyobaki nitamalizia kesho."

Nikasoma linalofuata. Tarehe yake ilikuwa wiki tano baadaye, na halikuwa na shikamoo. "Yaliyobaki yamemaliziwa."

Nyangeta alikuwa amesimama mlangoni, glavu bado ziko mikononi.

"Hapo ndipo anapoishia," akasema. "Kuanzia hapo andika mimi."